Mstari wa Ishirini na Nne

Dada yangu alinifundisha kulea watoto wachanga nilipokuwa na miaka thelathini na minane. Kabla ya hapo nilikuwa mpagazi katika ghala la saruji kwa miaka kumi na mmoja, mpaka siku lilipofungwa na sisi tukaambiwa tusijisumbue kuja Jumatatu. Naandika haya kwa sababu nimeanza kusahau mambo madogo. Juzi nilikuwa nafua aproni yake, ile yenye mfuko mkubwa mbele, nikajiuliza kama fundo alikuwa akilifunga mgongoni au ubavuni. Nilikaa na aproni imelowa mapajani muda mrefu. Sikukumbuka.

Watoto walimwita Mama Mfuko kwa sababu ya mfuko huo. Ndani yake mlikuwa na vitambaa vya kufutia makamasi, penseli fupi, kifutio, na mara nyingi kiatu kimoja cha mtoto ambacho mwenzake alikuwa bado anatafutwa. Alikuwa mlezi wa chumba cha wachanga katika kituo cha kulelea watoto kilicho nyuma ya kiwanda cha nguo. Kwangu alikuwa dada, amenizidi miaka tisa, na mgongo wake ndio kitanda changu cha kwanza ninachokikumbuka.

Wakati ghala linafungwa, walezi walikuwa adimu. Wasichana waliosomea kazi hiyo walikaa miezi mitatu wakaondoka, maana kazi inavunja mgongo na hakuna anayesema asante. Basi ukaanzishwa mpango wa uanagenzi. Mtu anachukuliwa kituoni, anafanya kazi bega kwa bega na mlezi mwenye cheti kwa miezi kumi na minane, na Jumamosi mbili kila mwezi anakwenda darasani. Anapewa daftari lenye mistari ishirini na minne, kila mstari ujuzi mmoja. Mlezi wake akishauona ujuzi huo kwa macho yake, anatia sahihi. Mistari yote ikijaa, unapata cheti.

"Njoo kwetu," dada aliniambia siku moja akiwa mezani kwetu.

"Dada, mimi? Na mikono hii?"

"Umebeba mifuko ya kilo hamsini miaka kumi na mmoja. Mtoto ana kilo tisa. Tofauti ni moja tu, mfuko ukiuangusha haulii."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Wifi, mchukue. Hapa nyumbani kazi yake ni kuvunja vikombe."

Siku ya kwanza mpishi wa kituo, mama aliyependa utani kuliko chumvi, alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Mlinzi mpya huyu?"

"Mwanagenzi wangu wa chumba cha wachanga," dada akajibu.

"Ah! Basi leo watoto wamepata kabati la kupanda."

Tangu siku hiyo nikawa Kabati. Wazazi wakalidaka jina, na mwisho hata mkuu wa kituo aliniita hivyo kwenye mikutano.

Asubuhi hiyohiyo dada alinivuta pembeni. "Kazini usiniite dada. Niite mlezi. Dada ana huruma."

Nilidhani anatania. Ilinichukua wiki tatu kupata sahihi ya mstari wa kwanza, na mstari wa kwanza ulikuwa kunawa mikono. Alikuwa na desturi yake. Kila mstari ambao hajauridhia aliandika pembeni kwa penseli neno moja dogo: bado. Siku akiridhika anatoa kifutio mfukoni, anafuta lile neno, anapuliza vumbi, kisha anatia sahihi kwa kalamu ya wino. Daftari langu lilikuwa na "bado" ishirini na nne, zimepangana kama siafu.

Alinifundisha kubadilisha nepi mkono mmoja ukiwa tumboni kwa mtoto siku zote, hata ukitafuta pini, hata ukiitwa na mkuu. Alinifundisha kumwambia mtoto kabla ya kumnyanyua: "Nakunyanyua sasa." Nilimwuliza, mtoto wa miezi saba anaelewa nini?

"Wewe ungependa jitu likubebe kutoka nyuma bila neno?"

Watoto wakilala mchana, kila baada ya dakika kumi tulipita godoro moja baada ya jingine, tukaweka kiganja kifuani pa kila mmoja tusikie kinavyopanda na kushuka, tukaweka alama kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kumi na wawili, kifua kwa kifua. Mikono yangu, iliyozoea magunia, ilijifunza kuwa myepesi kiasi cha kutomwamsha mtu. Huo ulikuwa mstari wa tisa. Siku alipoufuta "bado" wake nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji peke yangu, mwanaume mzima, nikitabasamu kama mjinga.

Kufikia mwezi wa kumi na tano nilikuwa na sahihi ishirini na tatu. Ulibaki mstari wa mwisho: kumsaidia mtoto kumuaga mzazi wake.

Na hapo ndipo mimi na dada tulipogombana, kwa sababu nilijiona bingwa wa mstari huo kuliko yote. Saa moja ya asubuhi katika chumba cha wachanga ni kilio. Mama anamweka mtoto chini, mtoto anashika sketi, mama anatazama saa, geti la kiwanda linafungwa saa moja na nusu. Mimi nilikuwa na dawa. Niliweka chujio la chai kichwani, nikachuchumaa, nikawika kama jogoo aliyekabwa. Mtoto anageuka. Mdomo unabaki wazi, kilio kinasahaulika njiani. Nami kwa jicho moja nampa mama ishara, naye anavua viatu, anapita kwa vidole vya miguu hadi jikoni, anatokea mlango wa nyuma. Mama zao walinipenda. "Kabati, Mungu akupe maisha," walisema wakipita mbio na viatu mkononi.

Dada alinitazama siku ya kwanza nilipofanya hivyo. Alingoja mama atoweke.

"Umemwibia mtoto mama yake."

"Lakini hakulia!"

"Ndiyo. Hakulia. Ngoja saa nne."

Saa nne yule mtoto aliacha kucheza, akasimama katikati ya chumba. Alitazama nyuma ya mlango. Alichungulia chini ya meza. Alikwenda jikoni, akarudi. Hakulia hata hapo, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. Siku nzima hakukubali mtu yeyote mzima atoke machoni pake. Mpishi akienda kuchota maji, yeye nyuma. Mchana hakufumba macho.

"Huyu sasa anajua kitu kimoja," dada alisema. "Anajua ukigeuza shingo, mtu anatoweka."

Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba seremala, miaka mingi nyuma, akate dirisha la chumba chetu literemke mpaka kiunoni mwa mtu, ili mtoto aliyebebwa aone geti la kituo. Mama wa mtoto aliyepokelewa na dada alipaswa kupiga magoti, amtazame mwanawe usoni, aseme anakwenda wapi na atarudi baada ya nini. Si saa ngapi. Mtoto hajui saa. Baada ya uji. Baada ya kulala. Kisha anatoka kwa mlango wa mbele, anafika getini, anageuka, anapunga mkono. Mtoto analia. Dada anakaa naye kwenye kilio hicho, hamwonyeshi ndege wala mpira, anamwambia tu: "Ndiyo. Mama amekwenda. Unamtaka mama." Wakati mwingine nusu saa nzima. Mimi ilikuwa inanikata maini.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," aliniambia.

"Hiyo methali ni ya fimbo, mlezi."

"Kwako ya fimbo. Kwangu ya mlangoni."

Halafu akanisimulia, mara moja tu, tukiwa tunakunja nepi. Mama yetu alipata kazi ya kulea watoto wa watu katika mji wa mbali. Mimi nilikuwa na miaka minne, dada kumi na mitatu. Mama aliondoka alfajiri nikiwa nimelala, ili nisilie. Nilipoamka dada aliniambia amekwenda sokoni. Ndivyo alivyoagizwa aseme. Nikachukua kikapu kidogo, nikakaa mlangoni nimpokee mizigo.

"Miezi minne," dada alisema. "Kila asubuhi na kikapu chako. Mpaka mpini ukakatika."

"Sikumbuki kitu."

"Mimi nakumbuka."

Nilicheka kidogo, kama mtu anayesimuliwa mambo ya mtoto wa jirani, nikaendelea kukunja nepi. Asubuhi iliyofuata niliweka chujio kichwani kama kawaida.

Mwezi wa kumi na sita miguu yake ilianza kuvimba. Alikata nyuma ya viatu vyake kwa wembe akavivaa kama ndala, akasema ni mtindo mpya. Akawa anakaa kwenye kiti cha mbao pembeni mwa dirisha, anaongoza chumba kwa sauti na kidole. Kiti hicho kilipata mlinzi wake: mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye hakusema neno ila alionyesha kila kitu, taa, mjusi, tundu la soksi, na hakukubali mpaka umwambie jina la alichoonyesha. Tulimwita Kidole. Mama yake alipiga pasi mashati kiwandani. Kidole aliegemea goti la dada toka asubuhi mpaka saa kumi, akionyesha dunia yote, na dada akimjibu. Hakuchoka kumjibu hata pumzi ilipokuwa haimtoshi.

Mwezi wa kumi na saba alilazwa. Moyo, walisema. Umechoka.

Mkuu wa kituo aliniita ofisini. Alikuwa mama wa haraka, si mbaya, mtu aliyekula chakula chake cha mchana amesimama.

"Kabati, unaijua sheria. Chumba cha wachanga hakiruhusiwi kufunguliwa bila mlezi mwenye cheti. Dada yako alikuwa peke yake. Wakaguzi wamenipa mpaka mwisho wa mwezi. Wewe umebakiza mstari mmoja. Mmoja! Nenda na daftari hospitalini, atie sahihi."

"Hataki."

"Mbembeleze. Si dada yako?"

Nilikwenda Jumanne, saa ya kuwaona wagonjwa, saa sita hadi saa nane mchana. Nilimkuta ameketishwa kwa mito mitatu, maana akilala chali pumzi ilimkimbia. Alikuwa amepungua, lakini macho yalikuwa yaleyale ya kuhesabu watoto.

"Kidole anakula?" Hiyo ndiyo salamu aliyonipa.

"Anakula."

"Anaonyesha nini siku hizi?"

"Kiti chako."

Nikatoa daftari.

"Dada, zimebaki siku kumi na moja. Ukikataa, chumba kinafungwa. Wale mama kumi na wawili watapeleka wapi watoto?"

"Najua hesabu ya watoto wangu."

"Basi tia sahihi."

"Tangu nije huku, yuko mtoto aliyemuaga mama yake?"

"Asubuhi zinakwenda vizuri. Hawalii."

"Sikukuuliza kama wanalia."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wametega masikio, nikashusha sauti, lakini maneno sikuyashusha. "Mimi niliondokewa nimelala, ukanidanganya, na nimekua. Nina mke, nina nyumba. Sikufa kwa hilo soko lako."

"Hukufa," alisema. "Lakini mkeo akienda dukani tu, unamwuliza mara ngapi atarudi saa ngapi?"

Mke wangu mwenyewe hunitania kwa hilo. Anasema nyumbani kwetu kutoka ni kama kuvuka mpaka, lazima ugongewe muhuri.

"Nikitia sahihi kitu nisichokiona," akaendelea, akipumzika kila baada ya maneno machache, "basi na zile ishirini na tatu nazo ni uongo. Nani atajua ipi ya kweli? Daktari amesema labda Alhamisi wataniruhusu nusu siku. Nitakuja. Nitakaa kitini. Msaidie mmoja amuage mama yake mbele yangu. Mmoja tu. Bila chujio. Nitafuta."

"Na usipokuja Alhamisi?"

"Kuna uji kwenye chupa hiyo," alisema. "Unywe, umekonda."

Uji sikunywa. Nilikaa nimenuna kama mtoto. Baada ya muda macho yake yalifumba, kichwa kikaegemea upande. Niliweka kiganja changu kifuani pake, kwa mazoea tu, nikasikia kinapanda na kushuka, haraka na juujuu. Daftari lilikuwa mapajani mwangu. Kalamu nilikuwa nayo. Kuandika alinifundisha yeye, na herufi zangu zinafanana na zake kama watoto wa tumbo moja. Niliifungua kalamu. Nikaifunga.

Ningemwamsha nikamuaga. Lakini nilikuwa na hasira, nilijua akiamka ataniuliza tena juu ya wale watoto, na sikutaka kumwona akinitazama ninavyoondoka. Hivyo nilifanya nilichokuwa nakijua. Sakafu ya wodi ilikuwa ya vigae, na viatu vyangu vilikuwa vinalia. Nilivivua. Nikapita kwa vidole vya miguu katikati ya vitanda, viatu mkononi, mpaka nje, na mzee mmoja mgonjwa akanipungia mkono akitabasamu, akidhani nafanya wema.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya saa nne, mkuu alikuja mwenyewe hadi mlango wa chumba cha wachanga na simu mkononi. Hakuita jina la Kabati. Aliita jina langu.

Muuguzi aliyenikabidhi vitu vya dada alikuwa binti mpole. Miwani, ndala zilizokatwa kwa wembe, aproni, penseli. Alikwenda hospitali na aproni. Sijui kwa nini.

"Wewe ndiye mdogo wake uliyekuja jana?"

"Ndimi."

"Aliamka muda mfupi baada ya wewe kutoka. Akauliza uko wapi. Nikamwambia umetoka kidogo, unarudi sasa hivi." Alisema hivyo kwa nia njema, nilimwona usoni. "Sikutaka ahangaike. Basi akawa anatazama mlango."

"Mpaka lini?"

"Sikuweka saa, kaka. Daktari alipopita jioni, alikuwa anautazama."

Tulimzika Alhamisi, ile Alhamisi aliyosema atakuja. Mama kumi na wawili walikuja na sare za kiwandani, wakaondoka mbio kabla mapumziko yao ya mchana hayajaisha. Mpishi alilia kuliko sisi ndugu. "Nani sasa atanirudishia uji jikoni kwamba una moto?" alikuwa akisema, na watu walicheka na kulia kwa pumzi moja.

Jumatatu nilirudi kazini. Mkuu alikuwa ameshazungumza na msimamizi wa mpango.

"Atakuja Ijumaa. Kwa hali hii amekubali kusaini mwenyewe. Ni mstari mmoja, hata hahitaji kukaa sana." Kisha akashusha sauti. "Na watoto, Kabati, usiwachanganye. Waambie amesafiri."

Niliitikia kwa kichwa. Niliingia chumbani. Kidole alikuwa amesimama mbele ya kiti cha mbao, anakionyesha, na aliponiona akanigeukia bila kushusha mkono. Alikuwa anataka jina.

Nilikaa chini sakafuni. Wengine wakaja kunipanda kama kawaida yao. Neno "amesafiri" lilikuwa mdomoni tayari, jepesi, kama chujio. Nikaona kikapu. Sikumbuki kikapu chenyewe hata leo, lakini niliona mpini uliokatika.

"Mama Mfuko alikuwa mgonjwa," niliwaambia. "Amekufa. Hatarudi tena. Mimi nipo hapa."

Mmoja aliniletea kiatu nimvalishe. Mwingine aliniziba pua. Kidole alionyesha kiti.

"Ndiyo. Hicho ni kiti chake. Hatarudi."

Akaonyesha tena. Nikamjibu tena. Asubuhi hiyo nilimjibu mara tisa, na kila mara niliyasikia maneno hayo kana kwamba nami naambiwa kwa mara ya kwanza.

Ijumaa msimamizi wa mpango aliketi kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yakimgusa kidevu, daftari langu mkononi. Hakukalia kiti cha dada; mpishi alikuwa amemtazama kwa namna ambayo hata mimi nisingethubutu.

Mama yake Kidole aliingia anahema. Alimweka mtoto chini, akanitazama mimi, kisha akatazama rafuni palipowekwa chujio. Alikuwa ameshavua kiatu kimoja.

"Vaa kiatu, mama," nilimwambia. "Leo muage."

"Kabati! Imebaki robo saa, geti linafungwa."

"Inatosha. Piga magoti."

"Atalia."

"Atalia."

Alinitazama kama mtu aliyesalitiwa, kisha akapiga magoti. Hakujua aseme nini. Nikagundua kwamba kwa miezi yote hii sikuwahi kumpa nafasi ya kujifunza. Nikamnong'oneza. Akamshika mwanawe mashavu. "Naenda kazini. Naenda kupiga pasi mashati. Nitarudi ukishalala na kuamka na kunywa uji. Kwaheri, baba."

Kidole alimsikiliza kwa makini. Mama akasimama, akashika mlango wa mbele, na hapo mtoto akaelewa. Kilio chake kilijaza chumba mpaka wengine wakanyamaza kumsikiliza.

"Nakunyanyua sasa," nilimwambia. Nikamnyanyua, nikaenda naye dirishani. Mama yake alifika getini akageuka, na nilimwona naye analia, lakini akapunga mkono. Kidole alinipiga kifuani kwa ngumi zote mbili.

"Ndiyo," nilisema. "Mama amekwenda. Unamtaka mama."

Mpishi alichungulia, mwiko mkononi. "Kabati, fanya vituko vyako basi, mtoto atapasuka!"

"Mwache."

"Moyo wako wa jiwe?"

"Mwache alie, mama. Analo la kulilia."

Sijui tulisimama hapo muda gani. Mkono ulikufa ganzi. Alikuwa na kilo kumi tu, nami nimebeba hamsini miaka mingi, lakini asubuhi ile sijui kama nimewahi kubeba kitu kizito kama kile. Nilitazama geti tupu pamoja naye. Nilifikiria mlango wa wodi na mtu anayeutazama, na binti mpole anayesema sasa hivi, sasa hivi. Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa, nami sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Kidole akanyamaza katikati ya kilio. Alinitazama. Akanyoosha kidole, akaweka ncha yake juu ya shavu langu, pale palipolowa, akangoja.

"Chozi," nilimwambia.

Akaonyesha lake.

"Ndiyo. Na hilo ni chozi."

Akalaza kichwa begani kwangu, akavuta kwikwi mbili tatu, tukaendelea kutazama nje. Baadaye alionyesha geti. "Atarudi baada ya uji," nilisema. Baadaye alionyesha kiti. Nikamwambia kweli ya hicho pia.

Msimamizi alikuwa ameifungua kalamu yake muda mrefu. "Nilikuja kusaini tu," alisema taratibu. "Sikutegemea kuona." Alifungua ukurasa wa mwisho, akakuta lile neno la penseli pembeni, akaanza kutafuta kifutio mkobani.

"Naomba uliache," nilisema.

"Daftari linatakiwa kuwa safi."

"Najua. Naomba uliache."

Alinitazama, kisha akatia sahihi yake kwenye mstari, mbali kidogo na lile neno, kwa uangalifu asiliguse.

Chumba hakikufungwa. Saa kumi siku hiyo Kidole alikuwa dirishani kabla sijamwita, na mama yake alipotokea getini alinyoosha kidole kwa nguvu zote, kama mtu aliyekuwa amewaambia watu jambo wasiamini. Sasa cheti changu kiko ukutani ofisini kwa mkuu, nami nina mwanagenzi wangu, binti mmoja mwepesi wa kucheka. Namwandikia "bado" kwa penseli ya dada. Analalamika kwamba wiki ya pili hii bado ananawa mikono. Chujio nimelirudisha jikoni.

Jioni nikitoka kazini napita kwa kila mtoto ambaye hajachukuliwa, nachuchumaa, namwambia naondoka na nitarudi kesho. Wengine hawanitazami hata kidogo, wana mchezo wao. Nawaambia hivyohivyo. Nyumbani nako nimebadilika. Mke wangu akienda dukani simwulizi tena atarudi saa ngapi, ila nasimama mlangoni mpaka afike kona, na yeye sasa amezoea kugeuka.

Kwa watoto kumi na wawili najua kuaga. Mtu aliyenibeba mgongoni nilimtoroka mchana kweupe, kwenye vigae, viatu mkononi, nikijisifu moyoni kwamba sikumwamsha.